Shindano Tano za Yambuku

Munganga anaujua ugonjwa kwa hesabu na kwa darubini. Watu wengine wote wanaujua kwa kusimuliwa. Kwa hiyo yule anayesimulia anashika kazi nzito. Akisimulia vizuri, watu wanajua la kufanya; akisimulia vibaya, wanashikwa na woga ao na zarau, na ugonjwa unapata njia. Katika kurasa hizi twataka kupima namna habari ya Ebola ilivyosimuliwa tangu mwaka wa 1976, katika vitabu vya wageni na katika matangazo ya kwetu. Jambo hili latuhusu sisi mapadri na makatekista kwa namna ya pekee, maana habari yenyewe inaanza ndani ya misioni.

I. Mambo yaliyotokea

Mwisho wa mwezi wa nane wa mwaka 1976, mwalimu mumoja wa shule ya misioni ya Yambuku, katika jimbo la Equateur, alirudi safari akashikwa na homa. Walifikiri ni malaria, wakamupiga shindano ya klorokini katika hospitali ya misioni. Hospitali ile ilikuwa na vitanda 120. Masista wa Ubelgiji waliiongoza, na watu walitoka mbali kuijia, kwa sabaabu dawa zilipatikana pale. Lakini kila asubuhi wauguzi walipewa shindano tano tu. Zile tano zilitumika siku nzima: kwa wagonjwa wa vitandani, kwa wale waliopita kutafuta dawa, na kwa wanawake wenye mimba. Kati ya mugonjwa na mugonjwa zilioshwa katika beseni ya maji ya vuguvugu. Pengine zilichemshwa jioni, kazi ikiisha.

Wanganga waliokuja kuchunguza walihesabu wagonjwa 318, na kati yao 280 walikufa. Katika wagonjwa 288 waliochunguzwa njia ya kuambukizwa kwao, 85 walikuwa wamepigwa shindano pale hospitali. Na wale walioupata ugonjwa kwa shindano peke yake, hakupona hata mumoja. Waliopatwa kuliko wengine ni wanawake wa miaka 15 hata 29, kwa sababu wao walikwenda hospitali kwa ajili ya mimba zao. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Masista walikufa, padri alikufa, pamoja na watu wao. Tarehe 30 mwezi wa tisa hospitali ilifungwa, na ugonjwa ukaanza kupungua. Wazee wa vijiji nao walifunga njia kwa miti, wakakataza watu kutembeleana, sawa vile wazee wa zamani walivyofanya wakati wa ndui.

Ndiyo mambo yenyewe kwa ufupi. Sasa tuone yalivyosimuliwa.

II. Kitabu cha kutisha

Kitabu kilichoeneza jina la Ebola duniani kuliko vingine ni The Hot Zone cha Mumarekani Richard Preston, kilichotoka mwaka wa 1994. Mwandishi huyu ana ufundi, hatukatai. Anayeanza kukisoma hakiweki chini. Lakini twauliza: akimaliza kusoma, anajua nini?

Kwanza, anajua kuogopa. Preston anamuonyesha mugonjwa kama mutu anayeyeyuka ndani na kumwaga damu pande zote. Kumbe wagonjwa wengi wa Ebola hawatoki damu kwa wingi vile. Wengi wanaumia kwa homa, kwa kutapika na kuhara, hata maji ya mwili yanaisha. Tofauti hii si ndogo. Mutu aliyefundishwa kwamba Ebola ni damu, akimuona ndugu yake anahara bila damu, atasema: hii siyo. Atamushika, atamuosha, ataambukizwa. Chumvi iliyotiwa katika kitabu inaweza kuua mutu katika nyumba.

Pili, sehemu kubwa ya kitabu inasimulia mambo ya Reston, muji ulio karibu na Washington, ambako mwaka wa 1989 nyani walioletwa toka Filipino walikufa kwa virusi vya jamaa ya Ebola. Askari walivaa mavazi kama ya watu wa angani, wakaingia kuua nyani. Lakini kwa virusi vile hakuna mutu aliyekufa, wala hata kuugua. Basi pahali ambapo hapakufa mutu pamepewa kitabu. Yambuku, penye maiti 280, pamepewa kurasa chache. Shindano tano zinatajwa humo, ni kweli, lakini msomaji hakawii juu yake. Macho yake yanavutwa kwenye pori, kama kwamba pori lenyewe lilitoka na kuwaangukia watu. Wenye elimu wanafikiri kwamba virusi vinakaa katika nyama za pori, labda katika popo, na jambo hili lingali linachunguzwa. Lakini pori halikupiga shindano mutu yeyote. Nyama ya pori inaweza kuambukiza mutu mumoja. Kufikisha wagonjwa 318 ni kazi ya mikono ya watu, na mikono ya watu yaweza kufundishwa.

III. Vitabu vilivyo bora, na pengo lao

Mumarekani mwingine, David Quammen, katika kitabu chake Spillover cha mwaka wa 2012, alisahihisha ile chumvi ya Preston. Anasimulia polepole, anatenga yaliyohakikishwa na yanayofikiriwa tu. Mwaka uleule Mubelgiji Peter Piot alitoa No Time to Lose. Yeye mwaka wa 1976 alikuwa munganga kijana wa miaka 27 katika Antwerp, damu ya sista mugonjwa ilipofika ndani ya termosi, chupa moja imevunjika. Nyuma yake alikuja mwenyewe Yambuku, na katika kitabu hafichi habari ya shindano. Twavisifu vitabu hivi viwili.

Lakini pengo moja lilidumu miaka mingi katika masimulizi ya Ulaya na Marekani. Kabla ya wageni kufika, munganga Mukongomani, Jean-Jacques Muyembe, aliyesomea habari ya virusi katika Leuven, alikwisha kufika Yambuku. Alipima wagonjwa na kutoa damu bila kinga ya mikono, akarudi Kinshasa pamoja na sista mugonjwa, na damu ya sista ndiyo iliyopelekwa Antwerp. Jina lake lilikawia sana kutajwa. Mutu atasema: hiyo ni habari ya heshima tu. Hapana. Mukongomani akisimuliwa habari ambamo watu wake ni maiti tu, na waokozi wote wametoka ngambo, atajifunza kwamba ugonjwa ni mambo ya wageni. Na mambo ya wageni, mutu anayaacha kwa wageni, ao anayakataa pamoja nao.

Kumbe kazi iliendelea humu kwetu. Mwaka wa 1995 Ebola iliingia Kikwit. Masista sita wa Bergamo waliotunza wagonjwa walikufa. Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, na saba wakaishi. Baadaye, kutoka damu ya mutu aliyepona katika Kikwit, ilitengenezwa dawa inayoitwa mAb114. Ilijaribiwa pamoja na nyingine katika Kongo miaka ya 2018 na 2019, na mwaka wa 2020 serikali ya Marekani iliikubali. Ni watoto wangapi wa shule zetu wanaojua habari hii?

IV. Matangazo ya Beni na Butembo

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 ilitangazwa kwamba Ebola iko Mangina, karibu na Beni. Ilidumu hata tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Wagonjwa walikuwa 3.470, waliokufa 2.287. Safari hii chanjo ilikuwako, na watu zaidi ya 300.000 waliipata. Dawa nazo zilikuwako. Kwa hizo mbili zilizoshinda nyingine, kati ya wagonjwa ambao virusi vilikuwa havijaongezeka sana katika damu yao, karibu tisa kwa kumi walipona. Mbona basi ugonjwa ulidumu karibu miaka miwili? Vita ni sababu kubwa, tunajua. Lakini masimulizi pia yalikuwa na sehemu yake.

Matangazo mengi yalikuwa amri: oshani mikono, musiguse maiti, leteni wagonjwa. Amri zilikuwa za kweli, lakini zilikosa ‘kwa sababu’. Tena mengi yalisemwa kwa maneno ya Kifaransa cha wanganga, ao kwa Kiswahili cha vitabu, wakati mama wa kijiji anauliza kwa Kinande. Na watu walikuwa na maulizo yao. Toka mwaka wa 2014 walikuwa wanauawa na watu wenye silaha. Sasa waliona magari mengi yanakuja kwa ajili ya Ebola, wakauliza yalikuwa wapi walipochinjwa. Mwezi wa kumi na mbili 2018, siku chache mbele ya uchaguzi, walielezwa kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura, kwa sababu ya Ebola na ya vita. Lakini soko zilikuwa wazi, na makanisa yalijaa. Mutu akisikia hayo mawili pamoja, ni ajabu gani akisema Ebola ni siasa? Maulizo yake hayakuwa ya upumbavu. Yalihitaji jibu, si amri nyingine.

Waliojibu vizuri kuliko wote ni wale waliopona. Hao walitunza watoto wa wagonjwa mikononi mwao, na watu waliwaona kwa macho kwamba wanaishi. Hakuna karatasi ya ukutani iliyofundisha kama hiyo.

V. Je, tutafunua aibu ya misioni?

Hapa tunafika kwenye fundo. Wengine watatupinga: ‘Kwa nini kusimulia shindano za Yambuku? Masista wale walitoa maisha yao. Tena watu wakisikia, watakimbia hospitali.’

Kwa neno la kwanza twajibu: tunatenga mutu na tendo, sawa tulivyofundishwa katika teolojia ya maadili. Masista wale walipenda watu, wakafa nao; upendo wao hauna shaka. Lakini upendo hauchemshi shindano. Kusema hivi si kuwahukumu. Ni kukataa kwamba kifo chao kisifundishe kitu. Wazee wanasema: muficha ugonjwa, kifo kinamufunua.

Kwa neno la pili twajibu kwa mambo yenyewe. Mwisho wa mwaka wa 2018, miaka 42 nyuma ya Yambuku, watoto wengi wa Beni waliambukizwa Ebola katika vituo vya afya walimopelekwa kutibiwa malaria. Njia ni ileile: homa, malaria, kituo cha afya. Kama kila mama angalikuwa anajua habari ya zile shindano tano, angaliuliza: shindano hii ni mpya? Ulizo dogo hili lingeweza kufunga njia. Na tusidanganyike: watu wanaona. Katika Yambuku waliona kwamba anayeingia hospitali anatoka maiti, wakakimbia bila kufundishwa na mutu. Ukimya wetu hauwafichi kosa. Unawaficha sababu yake tu, na pahali pa sababu wanatia uchawi ao sumu ya wageni.

Wengine katika mimbara wanatia pahali pale azabu ya Mungu. Hao wamesahau jibu ambalo Yezu aliwapa wanafunzi walipomuuliza juu ya kipofu toka kuzaliwa, nani alitenda zambi, yeye ao wazazi wake. Wamesahau pia rafiki za Yobu. Azabu haina dawa isipokuwa kutubu. Ugonjwa una maji, sabuni, chanjo, na njia ya kufunga. Mwenye kuchanganya hayo mawili anawanyanganya watu silaha zao.

VI. Kipimo

Basi, tukipewa kitabu, mahubiri ao tangazo juu ya ugonjwa wowote, tukipime kwa maulizo matatu. Ugonjwa ulipita wapi? Nani aliusimamisha, na kwa njia gani? Nami nifanye nini leo, na kwa sababu gani? Kitabu cha Preston kinajibu la kwanza nusu, la pili vibaya, la tatu hapana. Piot na Quammen wanajibu vema zaidi, lakini kwa wasomaji wa mbali. Matangazo ya Beni yalijibu la tatu peke yake, tena bila ‘kwa sababu’.

Masimulizi yanayojibu yote matatu, kwa luga za watu wetu, yangali kuandikwa. Katekista anafika vijijini ambako vitabu hivyo havifiki, na watu wanamuuliza yeye kwanza. Wale wanganga wa 1976 walitumia jina la muto Ebola, ulio mbali na misioni, ili jina la Yambuku lisibaki na haya. Walifanya vema kwa wakati wao. Lakini sisi tuitaje Yambuku, na tuhesabu zile shindano mbele ya watu: moja, mbili, tatu, nne, tano.