Kidole cha Shahada

Mwezi wa Julai ukungu wa Kiambu hauondoki mapema. Saa mbili na nusu asubuhi, kwenye uwanja wa shabaha wa Kirigiti, ukuta wa udongo ulio nyuma ya vibao huonekana nusu tu, na Sajini, mkufunzi wetu, haruhusu risasi hata moja itoke kabla hajauona wote, kutoka pembe hii hadi ile. Basi tunangoja. Tuko sita leo: wafanyabiashara watatu, daktari wa meno, wakili kijana, na mama mmoja mwenye shamba la kahawa. Tumevaa masweta, miwani ya kukinga macho tumeipandisha kwenye paji la uso, vikinga masikio vinaning'inia shingoni. Silaha ziko kiunoni na hakuna anayezigusa. Sajini anapita mbele yetu akitazama mikono tu.

Kilichonileta hapa ni kidole cha mtu mwingine. Miaka tisa iliyopita, jioni nikihesabu mauzo katika duka langu la nafaka, vijana wawili waliingia, mmoja akaninyooshea Ceska. (Wakenya wengi huita Ceska karibu kila bastola, kama tunavyoita Omo karibu kila sabuni ya unga.) Niliwapa pesa zote, pamoja na karo ya mtoto niliyokuwa nimeifunga kwenye leso. Walipoondoka kwa pikipiki niliketi juu ya gunia la maharagwe, na picha iliyobaki machoni haikuwa sura ya kijana wala mdomo wa ile bastola. Ilikuwa kidole chake. Muda wote kilikuwa ndani ya triga, kikitetemeka. Aliniogopa kuliko nilivyomwogopa mimi. Hakuwa ameamua kuniua. Angeweza kuniua bila kuamua.

Kupata cheti cha silaha nchini Kenya si kazi ya asubuhi moja, na ni vema iwe hivyo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humpa raia ruhusa, haimpi haki. Cheti huhuishwa kila mwaka, na mwishoni mwa 2018 serikali iliwataka wote wenye leseni wahakikiwe upya. Nilijaza fomu, nikapigwa alama za vidole, nikanunua sefu, nikaifungia ukutani kwa bolti. Nilipomaliza hayo yote nilikuwa na karatasi, na karatasi haifundishi mkono.

Siku ya kwanza Sajini hakunipa risasi. Ni mzee aliyestaafu jeshini, mpole wa sauti, mkali wa macho. Aliifungua bastola tupu mbele yangu, akataka niichungulie chemba, kisha niipapase kwa kidole kidogo, kwa kuwa macho huona yanachotarajia. Akaniambia nirudie, ingawa bastola haikuwa imetoka mbele yetu. "Mama, hii haina jana," alisema. "Kila ukiishika, ndiyo mara ya kwanza." Kisha akakishika kidole changu cha shahada, akakilaza kimenyooka ubavuni mwa bastola, juu kabisa ya triga. Saa nzima niliinua, nikashusha, nikageuka, nikafungua mlango wa mbao uliosimamishwa pale uwanjani, nikainama kuokota ufunguo, na kidole kikae palepale. Kiliposhuka tulianza upya. Usiku ule nilipokuwa nikisonga ugali nilikitazama kidole kikiwa kimejinyoosha chenyewe juu ya mwiko.

Masharti aliyonifundisha yana asili yake. Jeff Cooper, Mmarekani aliyezaliwa 1920 na kupigana vita katika kikosi cha Marine, ndiye aliyeyapa umbo la manne na kuyaeneza kutoka chuo alichokifungua Arizona mwaka 1976. Kila silaha ihesabiwe imejaa. Mdomo wake usipite juu ya kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kisiingie kwenye triga mpaka shabaha iwe mbele ya macho. Ujue unacholenga, na kilicho nyuma yake. Hilo la mwisho ndilo linalotungojesha ukungu. Ninachokipenda katika mpango huu ni jinsi masharti yanavyokingana: ili damu imwagike kwa bahati mbaya, karibu kila mara lazima uvunje mawili kwa wakati mmoja. Aliyeyatunga hakutegemea binadamu awe mkamilifu. Alimwachia nafasi ya kukosea mara moja.

Baada ya hapo ndipo risasi zikaja, na pamoja nazo fedheha. Mita 7, kibao kikubwa kama kifua cha mtu, na bado nilikuwa napiga chini, chini, chini. Sababu yake ni hesabu. Bastola yangu ikiwa imejaa haifiki kilo moja. Triga yake inataka msukumo wa karibu kilo mbili na nusu. Kidole kimoja kinavuta uzito unaozidi silaha yote zaidi ya mara mbili, na mikono inatakiwa isitambue. Kati ya mwanya wa nyuma na kinundu cha mbele cha kulengea pana sentimita 16 na nusu tu. Kinundu kikihama milimita 1, risasi huhama sentimita 4 kwa umbali wa mita 7, na sentimita 15 kwa mita 25. Na milimita moja ni kitu kidogo sana.

Sajini alikuwa na dawa. Aliichukua magazini yangu, akanipa mgongo, akachanganya risasi halisi na zile za bandia zisizo na baruti, bila mimi kujua ipi iko wapi. Mlio, mlio, kisha triga ikasema "tak" na hakuna kilichotoka. Wakati huo niliona, kwa macho yangu, mdomo wa bastola ukiinama mbele kama mbuzi anayekunywa maji. Hapakuwa na mlio wala teke la kusingizia. Nilikuwa nikiisukuma chini mwenyewe, nikiuogopa mshindo kabla haujaja. Sijui ufundi mwingine unaomwonyesha mtu woga wake waziwazi hivyo, kwa sentimita, halafu ukamwambia: haya, tena.

Mazoezi makubwa basi hayafanyiki uwanjani. Yanafanyika nyumbani, usiku, chumba cha nyuma. Risasi zote zinabaki sebuleni ndani ya kopo. Chemba inachunguliwa na kupapaswa. Bastola inaelekea ukuta wa mawe wenye rafu ya mchanga mbele yake. Halafu naweka shilingi moja, ile yenye twiga, juu ya bastola nyuma ya kinundu cha mbele, na kubonyeza triga taratibu hadi isikike "tak". Twiga asianguke. Miezi miwili ya kwanza alianguka kila usiku, akabingirika chini ya kabati, nami nikapiga magoti kumtafuta. Siku hizi hukaa mara 18, mara 19 katika 20. Dakika kumi tu, kisha sefu inafungwa, na baada ya kufungwa hakuna "moja ya mwisho". Wanaojipiga risasi nyumbani, asema Sajini, wengi ni wale wa "moja ya mwisho".

Kiswahili kimeliweka jambo hili vizuri. Shabaha ni kile kinacholengwa. Ni ustadi wa anayelenga, maana twasema fulani ana shabaha. Na ni nia yake, kwa kuwa mtu hufanya jambo kwa shabaha fulani. Neno moja limefunga kibao, mkono na moyo. Na kidole kinachofyatua tunakiita kidole cha shahada, kile ambacho Muislamu hukiinua anapotoa ushuhuda. Ningependa anayeanza afundishwe majina hayo mawili kabla ya jina la bastola yoyote.

Kuna zoezi moja ambalo wachezaji wa dunia nzima huliita Mozambique: mbili kifuani, tathmini, moja kichwani. Limetokana na kisa alichosimulia Cooper, cha mamluki aitwaye Mike Rousseau aliyekutana na mpiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, mwenye bunduki ya AK kwenye uwanja wa ndege wa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Mamluki alinusurika, mpiganaji akafa, zoezi likapata jina. Mimi siwezi kulitamka jina hilo kama mtu wa Arizona anavyolitamka. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na watu wake walikuwa wageni wa jirani zetu, wakidai nchi yao. Nilimwambia Sajini hivyo, akanyamaza kidogo. Tangu hapo kwetu linaitwa "mbili na moja". Ninachokihifadhi humo ni ile nafasi ya katikati, ule mpumuo mfupi ambao jicho linauliza kama bado kuna haja. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na wengi huiruka.

Septemba 21, 2013, magaidi walipoingia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, miongoni mwa waliowahi kuingia kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni na askari waliovaa kiraia, wakiwa na bastola mbele ya bunduki za vita. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile. Mmoja wa walioingia alikuwa Abdul Haji, ambaye baadaye akawa Seneta wa Garissa; kaka yake alikuwa amekwama ndani na kumtumia ujumbe. Picha ya Goran Tomašević wa Reuters ilizunguka dunia: mtoto wa kike anakimbia kwenye sakafu tupu ya jengo kumwelekea Haji, ambaye amenyoosha mkono kumpokea. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Watu huona ushujaa, nao upo. Mimi huufikiria pia mkono mwingine, na kidole chake, na jinsi mtoto alivyoweza kukimbia moja kwa moja kumwelekea mtu mwenye silaha na akafika salama.

Saa tatu kasoro ukungu unainuka. Ukuta wote unaonekana, wa rangi nyekundu, umelowa. Leo tunafanya zoezi la kutoka nyuma ya pipa, koti likiwa limefunika bastola, kwa mtindo wa IDPA, mchezo ulioanzishwa Marekani mwaka 1996 ili kupima matumizi ya silaha ya kujikinga. Kwenye mchezo huo kuna vibao vya adui na vibao vya watu wasio na hatia, vilivyochorwa viganja wazi. Ukipiga cha viganja unaongezewa sekunde 5, nazo ni nyingi mno mahali ambapo zoezi zima linaweza kuchukua sekunde 12. Sajini huvipanga yeye mwenyewe, nyuma ya turubai, hatuoni.

Zamu yangu. Kengele ya saa inalia. Mkono wa kushoto unafagia koti, wa kulia unashika, bastola inatoka, mikono miwili inakutana mbele ya kifua, natokeza jicho kando ya pipa. Viganja. Kibao cha pili, viganja. Cha tatu kiko mbali kidogo, nusu kimefichwa na mlango wa mbao; nasogea hatua moja, nakiona chote. Viganja. Moyo unapiga hadi kwenye vikinga masikio. Nachungulia kidole changu: kimenyooka ubavuni mwa bastola, juu ya triga, kama kimelala.

"Umemaliza?" anauliza Sajini.

"Nimemaliza, Sajini."

"Toa magazini. Onyesha chemba. Rudisha."

Anaandika kitu kwenye ubao wake, kisha anaita, "Wakili, jiandae."

Nakwenda bombani kunawa. Sijafyatua leo, lakini nimeokota maganda ya wenzangu, na risasi ndilo jina la madini yenyewe, yale yanayobaki kama vumbi kwenye vidole na kuingia tumboni pamoja na mkate. Nasugua kwa sabuni ya mche, ndani ya kucha, katikati ya vidole, hadi maji yanayoanguka kwenye karai yawe meupe. Mama wa kahawa amekwisha kufungua chupa ya chai.