Kimya cha Mashine na Mtego wa "Mshipa": Uhakiki wa Maelekezo ya Kufuatilia Neva za Sauti

1. Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kushughulikia ushairi, tamthilia na riwaya. Maelekezo ya mitambo huachiwa mafundi, kana kwamba maandishi yasiyo na urembo hayana maana ya kutafutwa. Mtazamo huu hauna msingi. Yapo maandishi ambayo msomaji wake akiyafasiri vibaya, mtu mwingine aliyelazwa kwa nusukaputi hupoteza sauti yake, na pengine pumzi yake. Makala haya yanachunguza maandishi ya aina hiyo, yaani mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2011 kuhusu matumizi ya mashine ya kufuatilia neva za zoloto wakati wa upasuaji wa tezi ya shingo. Hoja inayotetewa ni kwamba kiini cha mwongozo huo ni ufasiri wa kimya. Mwongozo huo ukiletwa katika Kiswahili, sarufi ya lugha hii itausaidia kuliko inavyodhaniwa, lakini msamiati wake wa mazoea utautega.

2. Neva na mashine yake

Mwanafunzi wa fonetiki anajua kwamba tofauti ya b na p ni mtetemo wa nyuzi za sauti. Takriban misuli yote inayozisogeza nyuzi hizo hupokea amri kutoka kwa neva moja kila upande, inayoweza kuitwa neva rejea ya zoloto. Jina hilo linaiafiki njia yake, kwa kuwa hushuka kwanza ndipo irejee juu: ya kushoto huzunguka tao la aota, ya kulia huzunguka ateri iliyo chini ya mtulinga. Kisha hupanda ikipita nyuma ya tezi, mahali pale pale ambapo kisu cha mpasuaji kina kazi.

Katika karne ya 2, tabibu Galen alionyesha mjini Roma kwamba nguruwe anayelia hunyamaza neva hizi zikifungwa. Kwa Galen kimya kilikuwa na maana moja tu: neva imezuiwa. Mashine ya leo imelivuruga jambo hilo. Bomba la kupumulia la mgonjwa huwekewa elektrodi zinazogusa nyuzi za sauti. Mpasuaji huigusa neva kwa kijiti chenye umeme mdogo, kwa kawaida miliampea 1 hadi 2. Misuli ikikaza, mashine hulia na wimbi huonekana kwenye kioo chake. Isipolia, swali huanza: je, neva imeumia, au mashine imekosa kusikia?

3. Namna mwongozo unavyokisoma kimya

Ubora wa mwongozo wa 2011 ni kwamba haukubali kimya kuwa ushahidi mpaka masharti yake yatimie. Ishara haihesabiwi kuwa imetoweka ila kama ilikuwapo na ya kuridhisha hapo mwanzo, na sasa wimbi limeshuka chini ya mikrovolti 100 ingawa umeme wa kutosha umetumika mahali pasipofunikwa na damu. Kwa hiyo mpasuaji hutakiwa kuichochea neva ya vagasi, ambayo ndiyo shina la neva rejea, kabla ya kukata na tena baada ya kukata. Jaribio la kwanza ndilo linalolipa la mwisho maana. Aidha, sababu ya kuchagua shina si ndogo. Neva iliyoumia huweza bado kujibu ikiguswa kati ya jeraha na zoloto, na mlio huo ukamliwaza mpasuaji bure. Umeme unaotoka kwenye vagasi hauna budi kulipita jeraha lenyewe.

Kimya kinapotokea, mwongozo huelekeza ukaguzi kwa mpangilio. Mpasuaji huweka kidole nyuma ya zoloto na kuchochea tena. Misuli ikishtuka chini ya kidole ilhali mashine imenyamaza, neva imejibu. Kosa li upande wa kusikia. Yamkini bomba limezunguka au kusogea shingo ilipolazwa nyuma, au waya umechomoka. Misuli isiposhtuka, huulizwa kama umeme unaifikia neva na kama dawa ya kulegeza misuli ingali mwilini. Hatimaye vagasi ya upande wa pili huchochewa. Hiyo ikijibu, mashine na dawa zimeondolewa lawama, na neva ya upande wa kwanza ndiyo inayoshukiwa.

Mpangilio huu ni uhakiki halisi. Kila hatua hukiondolea kimya maana moja, hata ibaki ile isiyoweza kukanushwa.

4. Sarufi inayosaidia

Mtafsiri wa haraka ataandika "upotevu wa ishara", kana kwamba ishara ni mali iliyoangushwa njiani. Maneno hayo yanataja hasara bila kutaja historia yake, na historia ndiyo sharti la kwanza la mwongozo. Kiswahili hakihitaji nomino hiyo. Vitenzi vyake vya ukanushi vinatosha: neva haijajibu, neva haikujibu, neva haijibu tena. Haijajibu ni hali ya mwanzo, ambapo jibu lingali linatazamiwa. Hapo bomba na dawa hukaguliwa kwanza. Haikujibu ni habari ya mguso mmoja uliopita, nayo haitoshi kuhukumu. Haijibu tena inabeba ndani yake ushahidi kwamba ilikuwa ikijibu. Ni hii ya tatu peke yake inayolingana na masharti ya 2011. Msaidizi anayesoma kioo cha mashine akizoezwa kutofautisha kauli hizi tatu, atakuwa amempa mpasuaji zaidi ya idadi ya mikrovolti.

Kasoro moja ya mtindo yafaa itajwe. Kiswahili cha maelekezo hupenda kauli ya kutendwa: "bomba likaguliwe", "dawa ichunguzwe". Likaguliwe na nani? Katika chumba cha upasuaji bomba li mikononi mwa mtaalamu wa nusukaputi na kijiti li mkononi mwa mpasuaji, na shuka imewatenga. Amri isiyo na mtenda huweza kusikiwa na wote wawili na isitekelezwe na yeyote.

5. Msamiati unaotega

Tatizo kubwa zaidi ni neno "mshipa". Katika matumizi ya kila siku mshipa ni njia ya damu, ni neva, na pia ni ugonjwa wa ngiri. Mtu mwenye hasira humtoka mishipa ya shingo, na asiye na haya husemwa amekatwa mshipa wa aibu. Upana huu ni utajiri katika fasihi. Katika upasuaji wa tezi ni hatari, kwa sababu neva rejea hupishana na ateri ya chini ya tezi. Matawi ya ateri hiyo hufungwa ili damu isimwagike. Neva haifungwi kamwe. Maelekezo yanayosema "mshipa ufungwe" na, mistari miwili baadaye, "mshipa usiguswe", yamemwachia msomaji kubahatisha.

Watetezi wa asili ya lugha watajibu kwamba "mshipa wa fahamu" unatosha. Jibu hilo lina uzito, kwani istilahi hiyo inaeleweka na wengi na imejengwa kwa mali ya lugha yenyewe. Lakini hapa inajipinga. Mgonjwa hana fahamu, nusukaputi imeiondoa. Hata hivyo neva yake inajibu kila inapoguswa, na kazi inayopimwa ni ya kusogeza misuli, si ya kuhisi. Msomaji anayeliamini neno atashangaa jinsi mshipa wa fahamu unavyoweza kuwa macho ndani ya mtu aliyelala. "Neva" haina utata huo, na "ateri" iliyo jirani yake haina pia. Kuyakubali maneno haya mawili si kuidhalilisha lugha.

6. Hitimisho

Mwaka 2018 mwongozo mwingine wa kundi hilo hilo ulishughulikia upasuaji wa pande zote mbili za tezi, nao unataka kuahirishwa kwa upande wa pili kufikiriwe iwapo neva ya upande wa kwanza haijibu tena. Sababu yake inajulikana: upande mmoja ukipooza, mgonjwa hupata sauti ya kukwaruza, zote mbili zikipooza, nyuzi huweza kukaribiana hata njia ya hewa ikazibika. Uamuzi wa kuendelea au kusimama hutegemea basi kauli moja inayosemwa juu ya mgonjwa asiyeweza kuisikia. Mashine haiwezi kuchagua kauli hiyo, wala haiwezi kuchukua nafasi ya jicho la mpasuaji linaloitafuta neva. Kazi ya wanaisimu ni kuhakikisha kwamba siku kauli hiyo itakaposemwa kwa Kiswahili, itakuwa na maana moja.