Jinsi ya Kupima Mpango wa Mpito wa Tabianchi

Mchambuzi mzoefu haanzi kusoma mpango wa mpito wa kampuni kwenye ahadi ya kukomesha utoaji wa hewa ukaa ifikapo mwaka 2050. Huenda moja kwa moja kwenye jedwali la mtaji: mwaka huu na miaka michache ijayo, fedha zinawekwa wapi? Ahadi ya 2050 itamkuta mkurugenzi mwingine kabisa. Bajeti ya mwaka huu ina sahihi ya huyu aliyepo.

Mpango bora wa aina hii umetoka Denmark. Mwaka 2009 kampuni ya DONG Energy, iliyokuwa ikizalisha takriban asilimia 85 ya umeme na joto kwa makaa ya mawe na nishati nyingine za kisukuku, ilitangaza kuupindua uwiano huo kufikia 2040. Ilifika 2019. Iliachana na mradi wa kituo kipya cha makaa karibu na Greifswald, Ujerumani, ikamimina fedha kwenye mitambo ya upepo baharini, na 2017 ikauza biashara yake ya mafuta na gesi na kuitwa Ørsted. Hapo ndipo alama ya kwanza ya ubora inapoonekana: mpango mzuri hutaja kinachofungwa, si kinachofunguliwa tu.

Hata hivyo, mpango huo nao una nyufa, na nyufa hizo zinafundisha zaidi kuliko sifa zake. Visima vilivyouzwa havikuzibwa. Vilichukuliwa na kampuni ya Ineos. Hesabu za muuzaji zilisafishika, lakini anga halikupata nafuu ileile. Kisha riba na gharama za vifaa zikapanda. Mwishoni mwa 2023 Ørsted ilifuta miradi miwili mikubwa ya upepo katika pwani ya New Jersey, Marekani, na miezi michache baadaye ikashusha lengo lake la 2030 kutoka gigawati 50 hadi kati ya 35 na 38. Nia ilikuwepo, fedha zikagoma. Kwa hiyo mpango wa kuaminika huandika waziwazi unategemea nini kilicho nje ya uwezo wa kampuni: bei ya hewa ukaa, ruzuku, vibali, njia za kusafirisha umeme. Usipoyataja hayo, tarehe zake ni matumaini tu.

Kampuni ya mafuta ya BP ni mfano wa upande wa pili. Mwaka 2020 iliahidi kupunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 kufikia 2030. Februari 2023 ikarudi hadi asilimia 25. Februari 2025 ikatangaza kuongeza uzalishaji.

Kipimo kingine ni mipaka ya hesabu. Wahasibu wa hewa ukaa hugawa utoaji katika mafungu matatu: wa mitambo ya kampuni yenyewe, wa umeme inaonunua, na wa mnyororo mzima, pamoja na bidhaa zinapotumiwa na wateja. Kwa kampuni ya mafuta, karibu mzigo wote uko fungu la tatu. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ambalo TotalEnergies inamiliki asilimia 62, hata likiendeshwa kwa umeme safi, moshi wake mkubwa utatoka mafuta yatakapochomwa, mbali na Tanga. Mpango unaoishia kwenye mafungu mawili ya kwanza umeacha kiini cha jambo.

Na nani atamlazimisha mwenye mpango? Mei 2021 mahakama ya The Hague, Uholanzi, iliiamuru kampuni ya mafuta ya Shell ipunguze utoaji kwa asilimia 45 kufikia 2030. Novemba 2024 mahakama ya rufaa ilitengua amri hiyo: Shell ina wajibu wa kupunguza, ilisema, lakini majaji hawawezi kuipangia kiwango. Kiwango hupangwa na bunge, kwa sheria na kodi, na hapo ndipo waraka wa kampuni unapoishia.

Hata kanuni za kutoa taarifa zina mpaka. Kenya imeanza kuzipokea kanuni za kimataifa za taarifa za uendelevu zinazogusa suala hili. Kanuni iitwayo IFRS S2 huitaka kampuni yenye mpango wa mpito iueleze. Isiyo na mpango hailazimishwi kuutunga.