Bedford Iliyotelekezwa: Kazi Ianzie Kwenye Breki, Injini Isubiri

Bedford aina ya J ni lori la kazi. Kampuni ya Vauxhall ya Luton, Uingereza, iliyokuwa mali ya General Motors ya Marekani tangu 1925, ilianza kuuza malori kwa jina la Bedford mwaka 1931, na mwaka 1958 ikatoa hili lenye pua mbele ya kebini. Kwao lilisambaza maziwa, mikate na makaa ya mawe. Huku kwetu lilibeba mahindi, mbao, saruji na watu, mara nyingi likiwa na bodi la mbao lililoundwa na maseremala wa hapa hapa. Yaliyobaki leo mengi yameegeshwa nyuma ya maghala na pembezoni mwa mashamba, matairi yamelala, nyasi zimepenya hadi kwenye sakafu ya kebini. Anayetaka kulifufua mojawapo hukabiliwa na swali la kwanza: aanzie wapi? Desturi ya gereji nyingi ni kuanza na injini. Betri mpya hufungwa, petroli kidogo humiminwa kwenye kabureta, staata hupigwa, na injini ikinguruma watu huamini kwamba sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo umepinduka. Lori lililosimama miaka mingi huharibiwa hasa na vimiminika vilivyosahauliwa ndani yake, yaani mafuta ya breki, petroli, maji ya rejeta na oili, na kazi ya ufufuaji inapaswa kuvifuata hivyo kimoja kimoja, kuanzia kile ambacho kikikosea kitaua mtu.

Lori linalofanya kazi kila siku huchakaa, lakini uchakavu huo unapimika na fundi anajua pa kuutafuta. Injini ikipata moto, unyevu ulioingia kwenye oili huvukizwa. Oili nayo hupanda na kuacha utando kwenye kuta za silinda, petroli kwenye tangi hubadilishwa kila mara, na pistoni za breki husogea bila kupata muda wa kugandia. Siku lori linapoachwa, ulinzi huo wote hukoma. Oili huteremka taratibu hadi kwenye sampu na kuacha chuma kitupu juu, kisha hewa yenye unyevu huingia kupitia valvu zilizobaki wazi, na kutu huanza. Kutu hujaza nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na nafasi iliyopo kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni sehemu ndogo sana ya milimita moja, kwa hiyo utando mwembamba tu unatosha kuifunga. Ndiyo maana kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi humdanganya mnunuzi. Lori lililozunguka sana na kuegeshwa mwaka jana linaweza kuwa kazi nyepesi kuliko lile lililotembea kidogo kisha likalala miaka 20 karibu na bahari.

Tuanze na breki, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mafuta ya kawaida ya breki, DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu kutoka hewani, na hata mipira ya breki huupitisha kidogo kidogo. Kwa vipimo vinavyokubalika, DOT 4 iliyo mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji ya asilimia 3.7 kiwango hicho hushuka hadi 155. Kwenye lori linaloteremka mlima na mzigo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama pedali itabaki ngumu au itazama hadi sakafuni. Kwenye lori lililoegeshwa, maji yale yale hula chuma. Vua dramu ya gurudumu la nyuma, chomoa kifuniko cha mpira pembeni mwa silinda ndogo ya breki, na mara nyingi utakuta tope la rangi ya kahawa pale palipotakiwa kuwa na mafuta safi, na pistoni imegandia. Ikishatoka, pitisha ncha ya ukucha kwenye ukuta wa ndani. Kama kuna doa tu, msasa laini utatosha. Kama ukucha unanasa kwenye vishimo, mpira mpya hautaziba, na silinda hiyo inahitaji kuchongwa na kuvishwa bomba jembamba la shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, au kubadilishwa kabisa. Kuosha ni kwa spiriti au mafuta mapya ya breki, kamwe si petroli wala dizeli, kwa sababu hizo huvimbisha mipira na kuiharibu. Vumbi la ndani ya dramu nalo lisipulizwe kwa kompresa, kwani lainingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Lilowanishwe kwanza, kisha lifutwe.

Malori mengi ya kizazi hiki yana mzunguko mmoja tu wa breki, ambapo masta silinda moja hulisha magurudumu yote. Mpira mmoja ukipasuka, hakuna gurudumu linalobaki na breki ya mguu. Kwa hiyo kubadilisha silinda iliyovuja tu na kuacha mabomba na mipira ya zamani ni kuhamisha ubovu kutoka sehemu moja hadi nyingine. Mfumo wote, kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho, uchukuliwe kuwa kitu kimoja na ufanywe upya kwa pamoja. Gharama yake ni kubwa kuliko ya kuamsha injini, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, lakini ni bora kukata tamaa mapema kuliko kuwa na lori linaloweza kuondoka lisiweze kusimama.

Petroli ndiyo inayofuata. Sehemu zake nyepesi huruka miezi ya mwanzo, na zile nzito hubadilika kuwa ulimbo wenye harufu kali unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Chini ya tangi, maji yaliyotokana na unyevu wa hewa hukaa chini ya petroli kwa kuwa ni mazito zaidi, na hapo ndipo tangi hutoboka. Tangi lishushwe, limwagwe, lisuguliwe kwa mnyororo na maji, kisha asidi ya limau iachwe ndani ilegeze kutu. Baada ya hapo lisuuzwe kwa maji yenye magadi, yale yale ya sokoni, ili asidi iliyobaki isiendelee kula chuma, likaushwe na kutiwa petroli au oili haraka kabla kutu haijarudi. Tangi lisichomelewe kabla halijasafishwa na mtaalamu, kwa sababu mvuke unaobaki kwenye tangi tupu hulipuka upesi kuliko tangi lililojaa. Pampu ya mafuta nayo ina ngozi ya mpira ndani yake. Kwenye pampu inayoendeshwa na injini, ngozi hiyo ikichanika petroli humwagika kwenye oili, na oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kulinda beringi. Anayeamsha injini kabla ya kukagua kipande hicho anaweza kuiua injini aliyodhani anaiokoa.

Hapa fundi mzoefu atanipinga, na pingamizi lake lina uzito. Atasema hakuna mwenye akili anayemwaga fedha kwenye breki na tangi kabla ya kujua kama injini ni nzima, kwa sababu bloku ikiwa imepasuka kazi yote ni bure. Ni kweli kwamba hali ya injini lazima ijulikane mapema. Lakini kuijua ni jambo moja na kuiwasha ni jingine. Toa plagi zote 6, mimina mafuta ya kulegeza kutu katika kila silinda, subiri siku kadhaa, kisha jaribu kuzungusha injini kwa hendeli, ukienda mbele kidogo na kurudi nyuma, bila kulazimisha. Kabla ya hapo fungua kifuniko cha valvu na ukague kila moja. Injini ya petroli ya Bedford hii, ya silinda 6 na ujazo wa karibu lita 3.5, ina valvu zilizopangwa juu na kusukumwa na vijiti virefu kutoka kwenye kemshafti. Valvu ikigandia na mtu akapiga staata, kijiti hupinda. Lori likivutwa na jingine huku gia imeingizwa, ringi za pistoni zilizogandia huvunjika na kukwaruza ukuta wa silinda. Injini ikishazunguka kwa mkono, pima kompresheni ukitumia staata na plagi zikiwa nje, na endelea hadi geji ya oili ionyeshe presha. Kwa njia hiyo utajua kama mgonjwa ataishi, na hujahatarisha chochote.

Maji ya rejeta yana ujanja wake. Malori mengi ya huku yalitumia maji ya bomba au ya mtoni, bila dawa ya kuzuia kutu, na chokaa pamoja na kutu vilijikusanya ndani ya bloku, hasa upande wa nyuma ambako maji hupita polepole. Rejeta mpya inayong'aa haisaidii kitu kama silinda ya sita imezungukwa na matope. Dawa ni kung'oa vifuniko vidogo vya chuma vilivyopigwa pembeni mwa bloku, kuchokonoa uchafu kwa waya, kusukuma maji kwa nguvu kinyume na mkondo wa kawaida, kisha kuweka vifuniko vipya. Ni kazi chafu isiyoonekana baadaye, lakini kuipuuza ndiko kunakofanya lori lililofufuliwa lichemke kwenye mlima wa kwanza.

Petroli ya leo imebadilika pia, na hilo ni lazima lihesabiwe. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuondoa risasi kwenye petroli, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimefanya hivyo. Kwa afya za watoto wetu huo ulikuwa uamuzi sahihi. Injini za zamani, hata hivyo, zilitegemea risasi kulinda viti laini vya valvu za ekzosi, na bila hiyo viti hivyo huliwa taratibu lori likibeba mzigo mzito kwa muda mrefu. Silinda hedi ikiwa imeshafunguliwa, huo ndio wakati wa kuweka viti vigumu. Atakayeendesha polepole na mzigo mdogo anaweza kusubiri, ila apime nafasi za valvu mara kwa mara, kwa kuwa nafasi inayozidi kubana ndiyo dalili ya kiti kinacholiwa.

Pingamizi la pili husikika Gerezani, Dar es Salaam, na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, palipojaa spea na mafundi: kwa nini mtu ahangaike na injini ya zamani wakati ya dizeli ya Kijapani inapatikana na kila fundi anaijua? Kama bloku imepasuka, au lori litafanya kazi ya biashara kila siku, sina ubishi. Lakini injini mpya haiponyi breki, tangi wala usukani, na mara nyingi huongeza nguvu kwenye lori ambalo breki zake zilipimwa kwa nguvu ndogo. Vishikizo vya injini huchomelewa upya kwenye chasisi, shafti hukatwa, na giaboksi hulazimika kubadilishwa. Hesabu ya wanaotetea njia hii huishia kwenye bei ya injini, ilhali kazi inayoizunguka ndiyo ghali. Bloku ya chuma cha kusubu yenye kompresheni ndogo, kama ya Bedford, ni miongoni mwa sehemu zinazovumilia kutelekezwa kuliko nyingine, na kuitupa kwanza ni kutupa kilicho kizima ili kubaki na vibovu.

Wapo watakaosema vimiminika havielezi kila kitu, kwa sababu jua hupasua mipira, panya hutafuna nyaya, na matairi huzeeka hata yasipoguswa. Nakubali, na vyote hivyo viingie kwenye orodha. Nyaya zenye ganda lililokauka zisiungweungwe, zibadilishwe zote. Ringi za magurudumu zenye pete ya kufungia zikaguliwe kutu na kujazwa upepo ndani ya kizimba cha chuma, kwa sababu pete hiyo ikiruka huua. Hata hivyo, mpira uliopasuka huwa hatari hasa kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzuia kimiminika kisitoke au maji yasiingie, na kutu ya chasisi huanzia pale matope yenye unyevu yalipokaa bila kuoshwa. Rangi na bodi vije mwisho kabisa, kwa sababu kila hatua iliyotajwa hapo juu humwaga kitu, hukwaruza kitu au huhitaji kufunguliwa tena.

Mpangilio huu una matokeo mengine ambayo mwenye lori anapaswa kuyakubali tangu mwanzo. Kama kusimama ndiko kulikoharibu, basi kuliweka lori lililofufuliwa kwenye banda ili litazamwe ni kuanzisha uharibifu ule ule kwa gharama mpya. Lipewe mzigo wa kawaida, liendeshwe kila wiki hadi oili ipate moto kamili, mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, rejeta itiwe maji yenye dawa, na tangi lisiachwe nusu tupu msimu wa mvua. Mwenye lori asiyeweza kuahidi hayo ni afadhali aliuze kwa atakayelifanyisha kazi, kwa sababu Bedford iliundwa kubeba mizigo, na kubeba mizigo ndiko kutakakoilinda.