Bango la Foklifti Linasema na Nani?

"Usalama Kwanza." Ukizunguka eneo la viwanda la Nakuru utayakuta maneno haya mawili juu ya milango ya maghala, kwa herufi kubwa. Ni usemi usio na kitenzi. Hauna mtenda wala mtendwa, hauna wakati, hautaji kitu. Chini yake hupita foklifti ambayo hata ikiwa tupu ina uzito wa tani tatu na nusu au nne, imebeba paleti ya tani mbili nyingine, na pembeni yake anapita kijana mwenye daftari la kuhesabia magunia. Maandishi ya namna hii nataka tuyasome kama tunavyosoma shairi: nani anasema, anasema na nani, kwa mpangilio gani, na nini kimeachwa bila kusemwa.

Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini imekuwa mji wa stoo tangu reli ilipofika. Nafaka za Njoro, Molo na Rongai huishia hapa, katika maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao na ya wasagaji. Kuna mbolea, chakula cha mifugo, mafuta ya kupikia. Zamani gunia la kilo 90 lilipanda lori mgongoni mwa mtu. Migongo haijapumzika bado, ila kazi nyingi sasa inafanywa na foklifti na jeki ya paleti ya umeme, na kila mtambo ulipoingia, bango lilifuata. Wahakiki wetu wameandika mengi kuhusu fani ya utenzi na ya tamthilia. Bango hili linalosomwa kila siku na watu wanaohatarisha miguu yao hatujaligusa.

Bango la kawaida la foklifti huwa na sura hii, ukiongeza au kupunguza mstari mmoja: "Ni madereva walioidhinishwa pekee wanaoruhusiwa kuendesha. Vaa reflekta na helmeti. Usizidishe mwendo. Usizidishe mzigo. Hairuhusiwi kubeba abiria. Wanaotembea kwa miguu wawe waangalifu. Usimamizi hautawajibika kwa ajali itakayotokana na uzembe."

Fuata nafsi zinavyobadilika. Mstari wa kwanza unazungumza kuhusu madereva. Wa pili hadi wa nne unamgeukia mtu mmoja, "wewe", ambaye bila shaka ni dereva. Wa tano hauna mtu kabisa: hairuhusiwi, basi, na aliyekataza hajulikani. Wa sita unarudi kwenye nafsi ya tatu, safari hii kwa watembea kwa miguu. Hao ndio walio hatarini zaidi ya wote ghalani, na ndio wasiosemeshwa. Wanasemwa tu, kana kwamba hawasomi. Kisha tazama usimamizi unapojitokeza. Katika bango zima umetajwa mara moja, mwishoni, na kitenzi chake ni cha kukanusha. Msuko wote unaanza na ruhusa na kuishia kwa kunawa mikono.

Mstari huo wa mwisho hauna mguu wa kusimamia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 6, inamtwika mwenye mahali pa kazi wajibu wa kuhakikisha usalama wa wote wanaofanya kazi hapo: mitambo na taratibu zisizo na hatari, maelekezo, mafunzo na usimamizi. Usimamizi umo ndani ya wajibu wenyewe. Rangi ya ukutani haiwezi kuufuta.

"Wawe waangalifu" nayo inastahili kusomwa polepole. Waangalie nini? Aliyezoea barabara ya Nakuru–Nairobi anajua gari linapokata kona, sehemu ya mbele ndiyo inayoelekea pengine na ya nyuma hufuata. Foklifti hukata kwa magurudumu ya nyuma. Mbele inageuka karibu palepale, huku mkia wake wenye chuma kizito cha kusawazisha mzigo ukifagia nje kwa kasi. Anayesimama ubavuni akidhani yuko salama kwa sababu mtambo unaelekea upande mwingine ndiye anayebanwa ukutani. Bango halikumwambia. Sentensi moja ingetosha: "Usisimame ubavuni mwa foklifti inayokata kona, mkia wake hutoka nje." Hapo pana katazo, mahali na sababu. Sababu ndiyo inayobaki kichwani wakati bango haliko mbele ya macho.

Vivyo hivyo kwa mkanda. "Funga mkanda" ni amri aliyoisikia kila abiria wa matatu, na dereva wa foklifti huipokea kwa uzito uleule. Hatari yake lakini ni nyingine. Mtambo unapoanza kulala upande, mwili wote humwambia aruke, na akiruka huangukia kulekule unakoangukia mtambo, na paa la chuma lililowekwa kumlinda ndilo linalomponda. Andika hivi: "Ikipinduka, usiruke. Shika usukani, egemea upande usioanguka." Ni sharti, katazo, kisha kitendo cha mikono na cha mwili, kwa mfuatano ambao tukio lenyewe litatokea. Huo ndio mpangilio ninaouita fani inayofaa.

Karibu na kiti cha dereva kuna maandishi mengine ambayo wengi huyapita: bamba dogo la chuma lenye jedwali la uwezo. Hilo halitoi amri hata moja. Linasema tu kwamba kwa umbali huu wa kitovu cha mzigo, na kwa kimo hiki, uzito unaobebeka ni huu. Nalipenda kwa unyofu wake. Linajua kwamba uwezo wa mtambo haukai pale pale. Foklifti iliyoandikwa kilo 2,500 kwa kitovu cha milimita 500 inahesabu kutoka uso wa meno ya chuma hadi katikati ya mzigo. Chukua paleti ya mita 1 kwa mita 1.2. Ukiingiza meno kwa upande unaofanya kina kiwe mita 1, kitovu kiko kwenye 500. Ukiichukua kwa urefu wake, kitovu kinasogea hadi 600 na uwezo unashuka, ingawa hakuna gunia lililoongezwa. Ukiinua juu zaidi, unaweza kushuka tena.

Kasoro ya bamba iko kwenye hadhira. Mtunzi wake ni mhandisi wa kiwandani, anayehesabu kwa kilo na milimita. Dereva wa stoo ya mbolea anahesabu magunia. Magunia 50 ya kilo 50 ni kilo 2,500 kamili, na hapo paleti yenyewe haijahesabiwa. Kwa hiyo dereva aliyetii "usizidishe mzigo" kwa moyo wake wote anaweza kuwa amezidisha bila kujua, kwa sababu bango halikusema kipimo na bamba lilisema kipimo kisicho chake. Kati ya maandishi haya mawili pana nafasi ya mstari mmoja wa chokaa ukutani: "Mbolea: magunia 40 kwa paleti, basi." Aliyeuandika atakuwa amesoma bamba kwa niaba ya wote.

Ukiteremka Naivasha kwenye mashamba ya maua, foklifti kubwa huachia nafasi jeki ya paleti ya umeme, ile ya kutembea nayo huku umeshika mpini. Sakafu imelowa, mlango wa chumba cha baridi una mapazia ya plastiki yasiyoonyesha vizuri kilicho upande wa pili, na ndani joto ni nyuzi chache tu juu ya sifuri. Hapa kuna kitu ambacho mhakiki wa fani hawezi kukiacha. Kichwani mwa mpini kuna kitufe kipana, mara nyingi chekundu, kinachoelekea tumbo la mwendeshaji. Akirudi kinyumenyume akabanwa na ukuta au rafu, kitufe kinagusa tumbo na mtambo unageuza mwendo kumwacha. Akiuachia mpini, unapanda wenyewe na breki inashika. Ni onyo lisilo na herufi: linajua mtu yuko wapi, linajua wakati, na linasema naye peke yake. Ndiyo maana kukifunga kitufe hicho kwa utepe, ili kisisumbue, ni kosa kubwa kuliko kung'oa mabango yote ya jengo.

Sasa nije kwenye usemi ninaouona bora kuliko yote, na haukuandikwa popote. Ni wito wa anayeelekeza foklifti au lori likirudi nyuma kwenye jukwaa la kupakia. Unaujua: "Kuja, kuja, kuja... kata... kata yote... nyosha! Kuja... bado, bado, bado... hapo hapo! Weka!"

Takriri yake ina kazi. "Kuja" inaporudiwa kwa mapigo sawa, humpa dereva mwendo. Mwelekezaji akiharakisha mapigo, dereva anajua nafasi bado ni kubwa, na akiyavuta, anajua ukuta umekaribia. "Kata" na "kata yote" zinapima usukani bila kutaja nyuzi. "Bado" hata si amri. Ni taarifa ya nafasi iliyobaki, na humwacha dereva aamue mguu wake ukae wapi kwenye breki. Kila neno lina msemaji anayeonekana, msikilizaji mmoja na wakati mmoja. Bango halina hata kimoja kati ya hivyo.

Lakini tusiusifu wito kupita kiasi, maana nao una ufa, na ufa wenyewe uko kwenye sauti. "Hivyo hivyo" maana yake endelea. "Hapo hapo" maana yake simama. Yote mawili yameradidiwa, yote yanaanza kwa h na kuishia kwa o, na yote hutamkwa kwa mdundo uleule. Injini ya lori ikinguruma, au mtambo wa baridi wa kontena ukivuma, kinachomfikia dereva ni irabu ya mwisho tu. Anaagizwa kuendelea na kusimama kwa sauti moja. Ndipo unapomwona mtu akipiga ubavu wa lori kwa kiganja, kwa sababu maneno yameshindwa. Wito huu unahitaji kuhaririwa: neno la kusimamisha liwe moja, fupi, lisilofanana na jingine lolote, "Simama!", na liende pamoja na mkono ulioinuliwa. Ufa wa pili ni wingi wa wasemaji. Lori linaporudi, taniboi anaita, wapakiaji wawili wanaita, mlinzi naye anaita. Mwelekezaji awe mmoja, na dereva asiyemwona huyo mmoja asimamishe mtambo hadi amwone tena.

Hata sheria ina sentensi moja iliyojengwa kwa namna ninayoitetea, nayo iko katika kifungu cha 14. Mfanyakazi mwenye sababu ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa au ya papo hapo anatakiwa amwarifu msimamizi wake. Na mpaka mwajiri achukue hatua ya kuirekebisha, hawezi kumtaka arudi mahali hapo. Nusu ya kwanza inampa mfanyakazi kauli, na nusu ya pili inamfunga mwajiri. Ni mazungumzo ya watu wawili ndani ya kifungu kimoja. Katika bango la kawaida mfanyakazi hana kauli: anaamriwa, anakatazwa, kisha anaonywa kwamba akiumia ni juu yake. Dereva wa jeki ambaye breki yake inateleza anahitaji kuona ukutani kwamba anaweza kusema "siendeshi mpaka itengenezwe" na kwamba sheria iko nyuma yake. Naona huo ni mstari wa maana kuliko "Vaa helmeti", ingawa helmeti aivae.

Basi neno langu ni kwa wanaoandika mabango haya. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 9, inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa pande zote mbili. Kamati hizo za Nakuru, Gilgil na Naivasha ndizo zinazofaa kuwa watunzi, kuliko mchora mabango wa mjini anayenakili kanuni za ghala jingine. Wakae na dereva, mwelekezaji na yule kijana wa daftari, wauandike mzigo kwa magunia, wamsemeshe mtembea kwa miguu kama "wewe", waweke sababu baada ya kila katazo, waandike kifungu cha 14 kwa maneno ya kawaida, kisha walisome bango kwa sauti zamu inapoanza wasikie kama linaeleweka. Na kabla ya yote hayo, wachukue brashi waufute ule mstari wa mwisho, unaosema usimamizi hautawajibika.