Wingu la Pili la Lord Kelvin

Tarehe 27 Aprili 1900, mjini London, mzee Lord Kelvin aliwahutubia watu wa Royal Institution juu ya mawingu mawili yaliyoitia giza nadharia ya joto na mwanga. Hotuba hiyo, aliyoipanua na kuichapisha mwaka 1901, nimeisoma mara tatu. Wingu la kwanza, la etha, wengine wameliandika vya kutosha. Mimi nina ugomvi na la pili.

Maxwell na Boltzmann walifundisha kuwa nishati ya joto hugawanyika sawasawa kwa kila namna ya mwendo iliyo wazi kwa molekuli: kusafiri, kuzunguka, kutikisika ndani kwa ndani. Namna zikizidi, gesi humeza joto zaidi kabla ya kupanda nyuzi moja. Basi chukua joto inalotaka gesi iliyoachwa itanuke kwa shinikizo lile lile, uligawe kwa joto inalotaka ikiwa imefungiwa isitanuke. Kwa molekuli inayosafiri tu, jibu ni 1.67, na mvuke wa zebaki uliopimwa na Kundt na Warburg mwaka 1876 ulikubali. Kwa molekuli inayosafiri na kuzunguka kila upande, Maxwell alipata 1.33 mwaka 1860. Hewa ilikataa: vipimo vilisema 1.408. Ukiongeza mitikisiko, ambayo mwanga wa gesi wenyewe uliishuhudia, hesabu inazidi kushuka na aibu inazidi kupanda.

Kelvin ananivutia kwa kuwa hakuificha aibu hiyo. Kitabu chetu cha sekondari kilitupa 1.4 ya oksijeni kana kwamba kila mtu aliitazamia, kikanyamaza juu ya mitikisiko. Nilipouliza, niliambiwa ninakili jibu. Kelvin, kinyume chake, anafuata tufe likigonga kuta, pigo baada ya pigo, akitafuta kanuni inapovunjika. Kurasa hizo zinachosha, lakini ni za mtu mkweli.

Kinachoniudhi ni tiba yake: anaona njia rahisi ni kuikana kanuni, wingu litoweke. Rayleigh, anayetajwa humo humo, alikuwa mwangalifu zaidi. Yeye hakuona kosa katika hoja ya Maxwell, akatamani mlango wa kutokea. Mlango ulikuwapo. Kanuni haikuwa ya uongo, ilikuwa na mpaka. Mwaka 1907 Einstein alionyesha, akianzia na vitu vigumu, kwamba mtikisiko hupokea nishati kwa vipande tu, na penye baridi hata kipande kimoja ni kikubwa mno kupatikana. Mwaka 1912 Eucken aliipoza haidrojeni kupita nyuzi 200 za Selsiasi chini ya sifuri, na kuzunguka nako kukakoma kuhesabika: gesi yenye atomu mbili ikameza joto kama yenye moja.

Kelvin alifariki Desemba 1907. Hotuba yake bado nawaazima vijana wanaouliza maswali, nikiwaomba wasome zile kurasa za kugonga kuta na kuliruka hitimisho.