Cheo, bonasi na umahiri: Mswada wa mchezo wa vita kutoka Raila

MWANAFUNZI wangu wa zamani, ambaye siku hizi hushinda wikendi zake akiwafunza vijana kompyuta katika kijiji cha Raila, Kibera, aliniletea mwezi uliopita mswada wa kurasa 12. Si riwaya wala diwani. Ni mwongozo wa kucheza Civilization IV, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola na kupigana vita, alioundika kwa Kiswahili. "Prof, usinionee huruma," aliniambia. "Kalamu nyekundu ni yako."

Sitamwonea huruma. Lakini kwanza nimpe haki yake.

Mchezo huo ulitoka mwaka wa 2005, ukiwa wa nne katika mfululizo ulioanzishwa na Mmarekani Sid Meier mnamo 1991. Huenda wewe msomaji unaujua bila ya kujua kwamba unaujua. Wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ambao kwaya nyingi ulimwenguni huuimba, ulitungwa uwe wimbo wa kuufungulia mchezo huu, na mwaka wa 2011 ukawa wimbo wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Maneno yake ni ya Kiswahili. Basi mchezaji hulakiwa kwa Kiswahili mlangoni, na akishaingia ndani hakisikii tena. Vita, hazina, mikataba, vyote viko kwa lugha za wenyewe. Tumeizoea hali hii: Kiswahili hualikwa kuimba, ikifika saa ya hesabu kikaombwa kisubiri nje. Mswada wa Raila umekataa kusubiri nje, na hilo peke yake lilinifanya niusome mara mbili.

Kasoro kubwa imo katika sura ya tatu, inayoeleza nguvu za vikosi. Mwandishi ametumia neno moja, bonasi, kwa kila kitu kinachoongeza nguvu. Kilima kina bonasi. Mkuki una bonasi dhidi ya farasi. Kikosi kilichoshinda vita vitatu kina bonasi. Neno lenyewe sina ugomvi nalo. Wafanyakazi wetu wanalijua na wanalipenda, hasa Desemba. Ugomvi wangu ni kwamba msomaji akilifuata atakosea hesabu.

Chukua kikosi cha mikuki. Nguvu zake za asili ni 4. Kikikaa kilimani na kushambuliwa, hupata nyongeza ya asilimia 25. Kilima hicho kikiwa na msitu, kuna asilimia 50 nyingine. Kikitulia hapo bila kusonga, hujiimarisha kwa asilimia 5 kila zamu hadi kufika 25. Hiyo ni asilimia 100 tayari. Adui akija juu ya farasi, mikuki yenyewe huleta asilimia 100 zaidi. Mswada unasema hii ni "bonasi juu ya bonasi", na mfano wake unafanya 4 kuwa 8, kisha 8 kuwa 16. Hapana. Asilimia zote hujumlishwa kwanza, zikawa 200, ndipo zikawekwa juu ya ile 4 ya asili. Jibu ni 12. Mwandishi anajua hivyo, nilimwuliza. Kalamu yake ndiyo iliyoteleza, kwa sababu "juu ya" katika Kiswahili hubeba kupachika na hubeba pia kuzidisha. Angeandika "bonasi hujumlishwa pamoja" asingempoteza mtu.

Sasa mgeukie anayeshambulia. Wapanda farasi wenye pinde wana nguvu 6. Wakishapata mafunzo ya kwanza ya mapigano, huongezewa asilimia 10 na kufika 6.6. Mafunzo yanayofuata yaweza kuwa yale ya kupambana na vikosi vya mikuki, mapanga na mashoka, yenye asilimia 25. Mswada unasema farasi "wanapata bonasi ya 25", na msomaji atakwenda kuitafuta kwenye ile 6.6 asiione. Katika mchezo huu, mshambulizi mwenye asilimia za namna hiyo haongezewi chochote. Anayejihami ndiye hupunguziwa: 200 yake inakuwa 175, na 12 yake inashuka hadi 11. Kitu kinachopunguza cha mwenzako hakiwezi kuitwa kwa jina lile lile la kinachoongeza chako. Muuza mitumba wa Kawangware atakueleza kwamba punguzo analompa mteja si faida yake yeye. Kwa nini mwandishi wetu asiseme punguzo?

Hapo nilikuwa mwalimu. Mbele kidogo niligeuka mwanafunzi.

Kikosi kinapopigana hupata pointi za tajriba. Zikifika 2, kisha 5, 10, 17 na 26, mchezaji huruhusiwa kukichagulia kikosi hicho jambo jipya: kupigana msituni, kuvamia miji, kutibu majeruhi. (Vijana wa Raila waligundua wenyewe kwamba kila idadi ni mraba wa namba ya hatua ukiongeza moja. Mwalimu wao wa hisabati angefurahi kusikia.) Mswada unasema kikosi "kimepandishwa cheo". Mimi niliwekea alama ya vyema pembeni, tena mara mbili. Niliipenda hata sarufi yake: panda, pandisha, pandishwa. Kikosi hakijipandishi, tajriba hufungua mlango, mchezaji ndiye anayeamua. Kauli ya kutendwa ilikuwa mahali pake.

Jumamosi moja nikaenda Raila kuwaona wakicheza. Kijiji hiki kimebeba jina la Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata kuanzia 1992 hadi 2013, wakati Kibera ikiwa ndani ya eneobunge hilo. Katika chumba cha mabati chenye kompyuta tatu, msichana wa miaka kama 15 alinisikiliza nikisifu "kupandishwa cheo" hadi nikamaliza. Kisha akasema kwa adabu, "Lakini Prof, hii kikosi haijakuwa mkubwa wa mtu. Imejua tu kupigana msituni."

Msomaji, sarufi ya "hii kikosi" niliiacha ipite. Hoja yake sikuweza kuiacha. Cheo ni uhusiano: mwenye cheo ana walio chini yake. Hata katika drafti ya vizibo vya soda, kete inayofika safu ya mwisho hufanywa kingi na kupata uwezo ambao wenzake hawana, na jina lake hubadilika. Kikosi cha Civilization hakipati jina jipya wala hakiamrishi kikosi kingine. Kinajua jambo ambalo jana hakikulijua. Huo ni umahiri. Nikaifuta alama yangu ya vyema mbele yao, wakacheka.

Kinachonikera zaidi ni kuwa kosa hilo nililifanya nikiwa Kibera, mahali ambapo historia ya maneno ya vyeo imelala chini ya miguu. Askari wa Kisudani wa jeshi la KAR, ambao wazawa wao ni Wanubi wa leo, walianza kupewa makao hapa mwanzoni mwa karne iliyopita. Jina Kibra lenyewe ni lao, na maana yake ni msitu. Walikuja na vyeo vyao vilivyotoka Uturuki kupitia Misri na Sudani. Ombasha, ambaye leo tunamwita koplo, ni "on" na "baş": kichwa cha watu kumi. Shaushi alikuwa sajini. Efendi alikuwa ofisa, na ndiye tunayemsalimu mpaka leo kila tunaposimamishwa barabarani: afande. Ukimwita mtu ombasha umeshahesabu watu wake. Hicho ndicho cheo.

Mzee mmoja wa Makina, niliyemtembelea jioni ile ile, aliniambia babu yake alikuwa ombasha. Nilipomweleza habari za mchezo, kwamba nguvu za kilima na msitu hubaki kilimani na msituni, na kikosi kikiondoka hakiondoki nazo, alitabasamu. "Basi babu yangu aliyajua hayo," akasema. "Cheo alikuja nacho nyumbani. Hapa mahali, alipewa karatasi ya kukaa tu." Mwaka wa 1918 ardhi iliyotengewa askari hao ilikuwa ekari 4,197. Hatimiliki waliyokabidhiwa Wanubi mwaka wa 2017 ni ya ekari 288. Mchezo una neno kwa mahali panapokukinga wakati si mali yako. Mswada ungeweza kuliita nyongeza ya mahali, na watu wa Kibera wangelielewa kabla ya kufika mwisho wa sentensi.

Liko jambo jingine ambalo mswada umelipitia haraka mno. Mchezaji mwenye dhahabu anaweza kugeuza kikosi cha zamani kuwa cha kisasa, wenye pinde wakawa wenye bunduki. Kikosi hubaki na umahiri wake, lakini tajriba iliyozidi pointi 10 hukatwa hadi 10. Mwandishi ameita tendo hili "kupandisha daraja". Cheo kinapandishwa, daraja linapandishwa, na baada ya kurasa mbili msomaji hajui kipi kinanunuliwa na kipi kinapatikana kwa jasho. Nilipendekeza "kuvishwa silaha mpya".

Juzi alinitumia mswada uliosahihishwa. "Umahiri" umeingia kila mahali. "Punguzo" limeingia. "Nyongeza ya mahali" na "nyongeza ya silaha" zimetenganishwa vizuri, na ule mfano wa mikuki sasa unafika 12. "Kuvishwa silaha mpya" alikitoa. Anasema vijana walikijaribu kwa siku mbili, wakarudi kwenye "kuapgredi", kwa sababu adui akiwa langoni hakuna mwenye muda wa maneno matatu. Ninatafuta moja.